Mapakacha Mawili ya Mwalimu

Mwalimu wetu aliogopa mijusi. Nianze hapo, maana watu wakimtaja siku hizi humfanya malaika, nami nilimjua miaka mingi na najua alivyokuwa. Mtu yule yule aliyeingiza mkono ndani ya tundu la kaa bila kupepesa jicho, akimwona mjusi kafiri ukutani, sauti humkauka. Hutoka darasani taratibu, na heshima zake zote, akasimama nje akaendelea kufundisha kupitia dirishani mpaka mmoja wetu amfukuze mjusi kwa ufagio. Wala hakuona haya. Alisema kila mtu amepewa mnyama wake mmoja wa kumwogopa, na yeye Mungu kampa mdogo, basi na ashukuru.

Skuli yenyewe ilikuwa upande wa Frere Town, banda refu la makuti lililokatwa vyumba viwili, na mimi nilikuwa nikitoka Kisauni kwa miguu. Miaka hiyo ilikuwa ya vita. Darasani wengi walikuwa watoto wa Kikristo, wa pale pale na wengine waliotoka na wazazi wao Rabai na Kaloleni. Waislamu tulikuwa wanne, na msichana wa Kiislamu nilikuwa peke yangu. Babangu alikuwa mchoma chokaa. Kurani aliihitimu, na barua za hati ya Kiarabu akiziandika vizuri, lakini kaka yangu alipochukuliwa jeshini akapelekwa Bama kupigana na Wajapani, barua zake zilikuja kwa herufi za kizungu, akiandikiwa na mwenzake. Baba akawa azunguka nazo mkononi kutafuta wa kumsomea, na kila msomaji akazijua habari za nyumba yetu kabla mamangu hajazijua. Akachoka. Siku moja akanishika mkono akanipeleka skuli, majirani wakasema weee, naye akajitia hasikii.

Nasema haya ili mjue kwamba kusoma kwangu kulining'inia kwenye uzi. Siku ambayo baba angesikia neno moja lisilompendeza, basi, nirudi nikakune nazi. Na neno hilo lilikuja, tena lilitoka kinywani mwangu mwenyewe, na mwalimu alipokuja kulitengeneza alifanya jambo ambalo nilimchukia kwalo miaka sita mizima. Lakini nitafika huko. Mimi nikiachiwa hutanguliza pilipili kabla ya wali.

Alikuwa mtu mfupi, kifua mbele, kaptula ya kaki iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe, na soksi za kufika magotini. Mwavuli hakuuacha, mvua iwepo isiwepo. Njiani hakuwa na haraka na mtu. Mwislamu alimpa sabalkheri, bibi kizee alimpa shikamoo, muuza maji alimuuliza hali ya punda wake, na akishauliza husimama kusikiliza jibu, si kama wengine waulizao huku miguu yaenda. Kwa hivyo alichelewa. Na darasani hakuwa na simile na wachelewaji! Aliyechelewa alisimama pembeni mpaka mapumziko. Basi asubuhi nyingine mlimkuta mwalimu naye kasimama pembeni pamoja na wachelewaji, mwavuli mkononi, akifundisha kutoka huko huko, maana sheria ni sheria. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Yeye hakucheka.

Kiboko alikuwa nacho, kimetundikwa msumarini, lakini sikumbuki kukisikia mgongoni mwa mtu zaidi ya mara mbili. Adhabu yake ilikuwa konokono. Ukifanya utundu, wapewa konokono aliyejificha ndani ya nyumba yake, umshike kiganjani, usimame kimya mpaka atoke mwenyewe. Ukitikisika hatoki. Ukimpulizia hatoki. Walikuwapo wavulana waliokuwa tayari kuchapwa mara kumi kuliko kushika konokono. Mimi nilishikishwa mara tatu kwa sababu ya mdomo wangu, na wallahi ile mara ya tatu, zile pembe zake mbili zilipoanza kuchungulia, nilisahau kabisa kwamba naadhibiwa.

Somo lake alilolipenda lilikuwa la Alhamisi. Siku hiyo aliweka mapakacha mawili mbele ya darasa, yale ya makuti ya kubebea nazi. Moja lilikuwa ufalme wa wanyama, la pili ufalme wa mimea. Miaka ile falme za viumbe tulifundishwa kuwa ni hizo mbili tu, na kila chenye uhai chini ya jua kilikuwa na mfalme wake. Kila mtoto alikuja na kitu chake alichokiokota njiani. Unasimama mbele, unakitia pakachani, kisha unasema kwa nini. Ile kwa nini ndiyo iliyokuwa kazi. Ukisema, “Nimeambiwa na mama,” alikujibu kwa sauti ya upole sana, “Usinipe ulichosikia. Nipe ulichoona.” Hata leo wajukuu wangu wakiniletea habari za mtaani, hilo neno hunitoka kabla sijafikiri.

Alitupa maswali matatu ya kukiuliza kila kiumbe. Chala nini? Chaendaje? Na kikifa chanukaje? Mawili ya kwanza yalikuwa ya kitabuni. La tatu lilikuwa lake, na alikiri hivyo. Alisema kitabu kimeandikwa na mtu anayekaa kwenye baridi, na kwenye baridi kitu chaweza kufa hata wiki usijue. Lakini sisi tuko Mombasa, na pua ya mtu wa Mombasa haidanganyiki.

Kitabu hicho alikuwa nacho kimoja tu, cha Kiingereza, kimepasuka jalada na kushonwa kwa uzi wa viatu. Ndani yake mlikuwa na ndege wa kifua chekundu ambao hatukuwahi kuwaona, na majani yaliyosemwa huanguka yote kwa pamoja mti ukabaki uchi, jambo ambalo tulilichukulia ni porojo za kizungu. Alikiheshimu sana kitabu kile na pia alibishana nacho. Alikuwa akikisoma kimoyomoyo, mara mdomo wake unasema, “Siyo.” Kisha hugeuza ukurasa kama hajasema kitu.

Makosa tuliyoyafanya yalikuwa ya kwetu wenyewe. Mvulana mmoja alileta kifauwongo pamoja na mchanga wake, kile kimea kinachokunja majani ukikigusa, akakitia kwa wanyama, akasema chasikia maumivu, tazameni. Hakuna aliyeweza kumbishia. Mwalimu akamwambia akichimbie nyuma ya skuli, akikalie wiki nzima, akikiona kimehama hata kwa upana wa kidole, basi ni mnyama. Yule mvulana alikikalia kweli. Msichana mmoja wa Kigiriama alileta uyoga, naye akautia kwa wanyama. Wenzake wakamcheka. Akasema kwao mvua ikinyesha na nyama haipo, uyoga ndio unaoliwa pahali pa nyama, tena hauna jani la kijani wala ua, na jua haulipendi, sasa mmea gani huo? Mwalimu aliugeuzageuza ule uyoga, akaufungua kitabu, akaufunga. Mwishowe akauhamishia pakacha la mimea, lakini akamwambia yule msichana mbele ya darasa zima, “Nauweka huku kwa amri ya kitabu. Mimi mwenyewe sina hakika.” Siku hizi wajukuu wanisomea kwamba uyoga una ufalme wake peke yake, na falme zimekuwa tano, wengine wasema sita. Nikisikia hivyo humkumbuka yule msichana alivyorudi kukaa, kichwa juu.

Somo likiisha, hakuna kilichotupwa. Kila mtu alirudisha kiumbe chake pale alipokitoa, na mwalimu alituuliza kesho yake mmoja mmoja. Panzi alirudi majanini, kaa alirudi pwani. Lakini yeye huyo huyo mwenye huruma na panzi alikuwa mpenzi wa nyama ya kuku asiye na kifani, na siku za sikukuu alichinja mwenyewe, akipiga miluzi. Pweza tu ndiye hakumla. Alisema amewahi kutazamana na pweza mmoja kwenye dimbwi la mwambani, na tangu siku hiyo hawezi.

Sasa nije kwenye tumbawe.

Baba alichoma mawe ya baharini. Maji yakipwa sana, siku za bamvua, yeye na wenzake waliingia miambani kwa mtarimbo, wakayabandua matumbawe, wakayapakia mtumbwini mpaka ufuoni. Hapo yalianikwa, kisha yakapangwa juu ya magogo ya mnazi na kuchomwa, na yakishapoa yalinyunyizwa maji yakavunjika yakawa chokaa nyeupe. Nusu ya kuta za Kisauni zilipakwa chokaa ya babangu na ya babake, na msikiti wetu pia. Mikono yake ilikuwa imebabuka na kupasuka, na ukimsalimia kwa mkono ni kama kushika gome.

Alhamisi moja nilikosa cha kupeleka, nikachukua kipande cha tumbawe kilichotoka majini siku mbili nyuma. Nilikichukua kwa ubishi, nisiwafiche. Nilitaka kumwona mwalimu akikwama, kwa kuwa jiwe halina pakacha. Nilipokitoa darasani wote wakasema hilo jiwe, litupe nje. Mwalimu akawauliza wamejuaje. Wakajibu ni gumu, halili kitu, haliendi popote. Akawaambia vyema, wametazama. Kisha akanigeukia mimi, akasema, “Wewe waishi na mawe haya. Umeona nini?”

Sikuwa nimejitayarisha kusema kweli. Nikafikiri. Nikamwambia yakitoka majini yana utelezi juu yake kama ngozi, na rangi, na siku ya pili rangi imeondoka na yananuka vibaya mno, nzi wanakuja, mama hufunga madirisha ya upande wa ufuoni. Jiwe la shambani halinuki hata likae mwaka. Mwalimu akauliza yananuka kama nini, kama majani yaliyooza? Nikasema hapana. Kama samaki.

Mwalimu aliyasogeza mapakacha yote mawili karibu yangu, akasimama kando. Nikalitia tumbawe kwa wanyama. Hapo ndipo alipotueleza kwamba lile jiwe ni nyumba, na wenyewe ni wanyama wadogo mno, maelfu yao, laini, waliojijengea wakakaa humo wakila vilivyomo majini. Alisema yeye ameyasoma hayo, lakini mimi nimeyaona kwa akili yangu bila kuambiwa, na hilo ni kubwa kuliko kusoma. Sikuwa nimesifiwa namna ile na mtu yeyote maishani mwangu. Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Nikamwambia baba wakati wa chakula cha mchana. Nilimweleza yote, utelezi, nzi, harufu, maelfu ya wanyama, na jinsi nilivyosifiwa. Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Akaniuliza polepole, wako hai? Nikasema wakitolewa baharini wako hai, baba. Akanawa mikono, na chakula hakijafika nusu.

Mtoto hajui anachokibeba mdomoni. Baba alishikilia aliyofunzwa na masheikh zake, kwamba kiumbe hai hakichomwi kwa moto, kwa kuwa moto ni adhabu ya Mwenyezi Mungu pekee. Hata sisimizi alitukataza kuwatilia kaa la moto. Sasa mwanawe, aliyempeleka skuli huku watu wakimsema, amerudi na habari kwamba kazi ya baba na ya babu, na kuta za msikiti, na kitoweo kilichokuwa kwenye sinia lile, vyote vimetokana na kuchoma viumbe hai. Tena habari yenyewe yatoka kwa mwalimu Mkristo. Hakupiga kelele. Alisema tu kesho sitakwenda, na kesho kutwa sitakwenda.

Nilikaa nyumbani siku tisa. Mama hakunikalipia wala hakunitetea, alinipa mbuzi ya nazi na kuniacha nilie juu yake. Siku ya sita ilikuja barua ya kaka. Mimi ndiye niliyeipokea mlangoni, niliijua hati ya yule mwenzake. Baba akanyoosha mkono akaichukua, akavaa kofia yake, akatoka nayo kwenda kutafuta wa kumsomea. Hapo ndipo nilipojua kwamba kusoma kwangu kumekwisha.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, tukasikia hodi. Alikuwa mwalimu, kaptula imesimama, mwavuli mkononi. Baba akamkaribisha barazani. Wakapeana masalkheri, wakaulizana hali, mvua, habari za vita, habari za kaka yangu, kahawa ikaletwa. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia la ukumbini, twasikia kila kitu. Nilikuwa na furaha moyoni hata nikajishika mdomo. Nilijua amekuja kunitetea. Nilijua atamweleza baba yale ya nyumba na wanyama wadogo, kwa ile sauti yake, na baba ataelewa.

Baba akaweka kikombe chini.

“Mwalimu, wewe ndiwe uliyemfundisha mwanangu kwamba mimi nachoma wanyama?”

Nikamsikia mwalimu akisema, “La, Mzee. Lile ni jiwe.”

“Jiwe?”

“Jiwe. Mtoto hakunielewa.”

Mama alinitazama. Nilitaka ardhi ipasuke. Baba akaniita, nikaitika abee, nikatoka nikasimama mbele yao. Akaniambia nimemsingizia mwalimu wangu neno asilolisema, nimwombe radhi. Nikamwangalia mwalimu. Alikuwa akitazama kahawa yake. Nikamwomba radhi, kwa uwongo ambao sikuusema. Naye akazipokea. Akasema, “Nimekusamehe, binti yangu,” na sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha baba akasema kesho nitarudi skuli, akainuka kumsindikiza mgeni wake, wakaondoka pamoja mpaka njia panda, mimi nikabaki pale na vikombe.

Nilirudi, ndiyo. Nilisoma vizuri kuliko wote, kwa hasira. Lakini yule mwalimu sikumwinulia tena mkono Alhamisi. Alileta mapakacha, nami nilileta kitu chepesi, panzi ama jani la mpapai, nikakitia panapojulikana na kila mtu, nikakaa. Maswali yake matatu niliyajibu kwa maneno matatu. Alijua. Mara moja, nilipokuwa nafuta ubao, alianza kusema kitu, akaita jina langu, kisha mjusi akatokea ukutani, akatoka nje, na hakukisema tena. Nilimnunia darasani, nikamnunia njiani, nikamwamkia shikamoo kavu isiyo na kituo. Ajabu ni kwamba sikuacha kuangalia vitu kwa jicho lake. Nilikuwa nimemkasirikia mtu ambaye sikuweza kumtoa kichwani.

Mengine yake lazima niyaseme, nisije nikamdhulumu. Msichana yule wa Kigiriama alipougua homa, alimbeba mgongoni mpaka kwao, na kwao si karibu. Barua za askari alizisomea nusu ya mtaa, na hakuna hata mmoja aliyesikia habari ya nyumba yake kwa mwingine. Alikuwa pia mbishi, mwenye kujiona, na ukimsahihisha hesabu ubaoni alinuna mpaka saa ya kwenda nyumbani, halafu kesho yake akakushukuru mbele ya watu kwa hotuba ndefu iliyokutia aibu zaidi. Alipenda kuimba na sauti hakuwa nayo.

Vita vikaisha, kaka akarudi na mguu mmoja mzito. Nilimaliza madarasa yaliyokuwapo, nikapelekwa kwingine kuendelea. Mwaka wa hamsini na moja nilipata barua kwamba nimekubaliwa kwenda kusomea ualimu. Baba aliisikiliza mara tatu, mimi mwenyewe nikimsomea. Kisha akaniambia si adabu kuondoka bila kumuaga aliyenifundisha kusoma. Nikasema sijui anakaa wapi siku hizi. Baba akanielekeza mpaka nyumba yenyewe, kule Mtopanga, nikashangaa kidogo amejuaje.

Nilimkuta kwenye mihogo yake, amevaa shuka kiunoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila kaptula. Alikuwa ameacha kazi, kifua kimeingia ndani, jicho moja lina ukungu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba ndefu, akanikalisha juu ya kigoda, akanimenyea muwa kwa mikono yake. Nilimweleza habari ya ualimu. Alifurahi, akaniuliza nitafundisha nini. Nikasema chochote nitakachopewa, ila nikifundisha viumbe, watoto wangu sitawakana mbele ya wazazi wao.

Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka sita na nililisema vibaya. Aliweka kisu chini.

“Nilipokuja kwenu,” akasema, “nilikuja na maneno mengine. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilitaka kumwambia babako kila kitu, kama ulivyokiona. Aliponiuliza, nikaangalia uso wake. Nikaona nikisema ni mnyama, tumbawe halitaongezewa kitu, na nikisema ni jiwe halitapunguziwa. Lakini wewe nikisema ni mnyama, hutatoka tena mle ndani.”

Nikamwambia aliniombesha radhi. Akasema anajua. Akasema tangu siku ile radhi zile anazo, hazikuwa zake, na kama nitakubali angependa kunirudishia. Kisha mzee yule, mwalimu wangu, akaniomba radhi, akiwa ameshika kipande cha muwa. Nikamwitikia kwa kichwa.

Alipoona natafuta kanga nijifute, akatabasamu. “Wewe wadhani mimi nilimdanganya babako,” akasema. “Siku ile alinisindikiza mpaka njia panda. Tulipofika hapo akasimama. Akaniambia, ‘Mwalimu, na mimi nina pua. Nayanusa mawe yale tangu kijana. Lakini sina kazi nyingine, na huyu mtoto lazima asome. Basi tuachie liwe jiwe mpaka amalize.’ Akanishika mkono, akarudi zake.”

Nililia hapo hapo juu ya kigoda, kwa sauti, mtu mzima. Namlilia baba, namlilia na huyu. Wanaume wawili wasiokuwa na dini moja walisimama njiani wakakubaliana uwongo mmoja kwa ajili yangu, na kila mmoja akaubeba peke yake, na mimi miaka yote hiyo niko baina yao nimenuna. Mwalimu aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Hakunibembeleza, aliendelea kumenya muwa.

Nilirudi Kisauni jua limeanza kupoa. Baba alikuwa ameketi juu ya mkeka barazani, mikono yake nyeupe kwa chokaa mpaka viwikoni. Akaniuliza mwalimu hajambo? Nikasema hajambo, akusalimu sana. Akauliza mbona nimekawia hivyo, tumezungumza nini kutwa nzima.

“Habari za mawe, baba,” nikamwambia.

Alinitazama usoni, akayaona macho yangu yalivyovimba. Akajisogeza upande mmoja wa mkeka, akanipisha nikae.